Mwalimu, Kinanda na Sauti ya Bi Mdogo

Mwalimu hakuwahi kunifundisha darasani, lakini alinisahihisha karibu kila siku kwa miaka tisa. Mimi na mume wangu tulikuwa na duka la kuchapa kadi za harusi Temeke, nyumba ya tatu kutoka kwake, na kila kadi niliyoibandika dirishani kama sampuli aliipitia na kalamu nyekundu. Yeye alikuwa amestaafu, kalamu haikustaafu. Siku moja nilikuta amezungushia duara neno “mnakaribishwa” na kuandika pembeni: “Na nani? Taja.”

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata watu waliomzidi umri. Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na vidole vyake havikujua kutulia. Ukikaa naye mezani vilicheza juu ya kitambaa, na baada ya muda uligundua kwamba unasikilizwa na nusu ya Mwalimu tu; nusu ya pili ilikuwa inatafuta wimbo.

Alipiga kinanda kwenye harusi, sendofu na kicheni pati. Jumapili mojamoja alionekana na baibui lake akitoka kanisani kwa majirani, alikokwenda kuwanyoosha wapiga kinanda wa kwaya. Watu walipomuuliza imekuwaje, alijibu, “Do re mi haina dini,” akapita zake.

Kinanda chenyewe kilikuwa kizito, cheusi, cha vibonye sitini na moja, kina kioo kidogo katikati na mamia ya sauti ndani: fidla, ngoma, filimbi, tarumbeta, hata sauti ya mvua ambayo sijui nani aliihitaji. Kiliweza kukumbuka wimbo mzima. Unapiga ngoma kwanza, unarudi unapiga besi juu yake, unarudi tena unaweka fidla, na mwisho kinavipiga vyote pamoja kama bendi ya watu kumi waliofungiwa sandukuni. Sauti hizo zilikuja na majina ya kigeni. Mwalimu aliyafuta yote akaweka ya kwake. Tarumbeta kali aliiita Mama Mkwe. Filimbi nyembamba iliitwa Mgonjwa. Besi ilikuwa Mzee, na fidla nyingi zinazolia pamoja zilikuwa Matanga. Nilimsikia kwa masikio yangu akijisemea, “Mama Mkwe ashuke kidogo, anamfunika Mgonjwa.”

Darasani, wanafunzi wake wa zamani wanasimulia, alikuwa na amri moja kubwa: soma maelekezo kwanza. Mtu aliyejibu maswali matano penye maelekezo ya kujibu manne alipata sifuri, hata kama yote yalikuwa sahihi. Basi kitabu cha maelekezo cha kinanda chake kilikuwa juu ya kabati, bado kimo kwenye nailoni yake, hakijawahi kufunguliwa. Nilipomwonyesha, alikitazama kama mgeni asiyemkumbuka jina. “Hicho,” akasema, “ni cha wanaoanza.”

Na singeli aliichukia hadharani. “Ule si muziki, ile ni ambulensi,” alisema kila kinyozi wa jirani alipofungulia spika zake. Lakini mchana mmoja niliingia kwake bila hodi nikamkuta amevaa hedfoni, mabega yanaruka, na kioo cha kinanda kinaonyesha mwendo wa mia na tisini. Aliponiona akazima haraka.

“Nafanya utafiti,” akasema.

“Wa nini, Mwalimu?”

“Wa adui.”

Huwezi kumweleza Mwalimu bila kumtaja Bi Mdogo. Mwalimu alikuwa mke wa kwanza wa bwana mmoja aliyefanya kazi bandarini. Bwana alipooa mke wa pili, Mwalimu hakununa wala hakurudi kwao. Alitunga wimbo. Akaupiga kwenye harusi ya jirani, na kila aliyekuwepo alijua nani anasemwa. Asichokijua ni kwamba yule mke wa pili alikuwa na koo. Wiki mbili baadaye, kwenye harusi nyingine, Bi Mdogo aliinuka kwenye mkeka, akaomba kipaza sauti, akajibu ubeti kwa ubeti. Mwalimu, aliyekuwa kwenye kinanda, alijikuta anamfuata.

“Sikupenda,” aliniambia. “Lakini alikuwa kwenye ufunguo sahihi. Mtu akiimba kwenye ufunguo sahihi unamwachaje peke yake?”

Watu wakaanza kuwaalika wote wawili ili wasikie matusi yakipangwa vizuri. Bwana alitembea kifua mbele mwaka mzima, kisha akaoa wa tatu, akahamia Mbagala. Wake zake wawili wa mwanzo walidai talaka zao, wakagawana masufuria, na kundi lao la kinanda na koo wakabaki nalo. Bi Mdogo akahamia Buguruni. Jina la Bi Mdogo lilimbakia ingawa alimzidi Mwalimu miaka miwili, na kwa unene alimzidi mara mbili. Kila asubuhi saa moja walipigiana simu na kugombana, kama watu wanaomeza dawa kwa wakati. Tulipokuwa tunafungua maduka tulimsikia Mwalimu uani: “Mwenzangu, ubeti wa tatu uliruka! Uliruka, nimekusikia mie!”

Sasa, mwaka juzi Mwalimu aliingia dukani kwangu bila kalamu nyekundu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Hiyo kompyuta yako inaweza kuhifadhi sauti ya mtu?”

“Inaweza. Ya nani?”

Akaketi. Alikuwa hajawahi kuketi dukani kwangu. Bi Mdogo alikuwa ameota uvimbe kooni, na angepasuliwa baada ya wiki tatu. Daktari alimweleza bila kuficha kwamba maisha hayamo hatarini, ila sauti inaweza kubadilika, na pengine isirudi kama ilivyokuwa. Miaka yote ile waliimba harusini, na hawakuwa na rekodi hata moja ya maana. Zilikuwepo video za simu za watu, ambamo unasikia vigelegele, vyombo, na mtoto analilia soda.

“Nyimbo zote zimo ndani ya kinanda,” akasema Mwalimu. “Ngoma zimo, fidla zimo. Koo ndilo halimo. Nataka kinanda na kompyuta viungane, halafu juu yake tumweke yeye.”

Nilikuwa najua kompyuta ya kadi: maua, pete mbili, majina ya bibi na bwana kwa herufi za kupindapinda. Muziki sikuujua. Lakini sikuwahi kumwona Mwalimu akiomba kitu, na sikujua namna ya kumkatalia.

Kazi ya kwanza ilikuwa waya. Tulizunguka nyuma ya kinanda na tochi ya simu, tukakuta tundu la mraba. Nikacheka. Lilikuwa tundu lilelile la printa yangu. Nikaenda dukani nikachomoa waya wa printa nikaja nao, na kwa siku zote tulizofanya kazi ile kadi za watu zilichelewa. Bibi harusi mmoja wa Tandika alinifokea hadi nikamtuma kwa Mwalimu mwenyewe. Alirudi mpole, na kadi yake imesahihishwa.

Tulipounganisha, kompyuta ikaandika kwamba haikitambui kifaa.

“Inataka draiva,” nikamwambia.

“Dereva wa nini? Kinanda kimekaa mezani.”

“Ni programu, Mwalimu. Ndiyo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kinanda.”

“Hiyo inaitwa mkalimani,” akasema, akanyoosha mkono kutafuta kalamu yake.

Mkalimani akapatikana mtandaoni, akapakuliwa nusu siku kwa bando la simu yangu. Jioni hiyo nikamweleza jambo ambalo mwenyewe nilikuwa nimelisoma mchana uleule: kwamba waya ule, kwa namna tulivyoupanga, haubebi sauti. Unabeba maagizo tu. Bonyeza kibonye hiki, kwa nguvu hii, achia sasa. Sauti yenyewe inabaki kwenye kinanda.

Nilitegemea maswali. Mwalimu aliitikia kwa kichwa mara moja. “Andalio la somo,” akasema. “Kompyuta inakaa na andalio, anayefundisha ni kinanda. Endelea.”

Nikaendelea, na hapo ndipo nilipokiua kinanda chake.

Ilikuwa hivi. Tulipoanza kurekodi, kila alichobonyeza kililia mara mbili: mara moja kwa kidole chake, na mara ya pili agizo lilipokwenda kwenye kompyuta na kurudi. Mgonjwa akawa wagonjwa wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Nikatafuta, nikasoma, nikaingia ndani kabisa ya kioo cha kinanda, nikakata njia inayounganisha vibonye na sauti za humohumo, ili kinanda kilie kwa agizo la kompyuta peke yake. Ikawa safi. Nikafurahi, nikahifadhi mpango huo ili tusiurudie kila siku, nikaenda nyumbani najiona mhandisi.

Jumamosi Mwalimu alikuwa na sendofu Kinondoni. Alibeba kinanda, kompyuta akaiacha kwangu. Saa kumi alasiri simu ikalia.

“Umekiua!”

“Shikamoo, Mwal—”

“Kinawaka taa, hakitoi sauti! Mwali yuko mlangoni! Watu wananitazama! Miaka yote hii hakijawahi kunyamaza, umekigusa wewe siku nne tu umekiua!”

Nyuma yake nilimsikia Bi Mdogo akiwaambia watu kwa sauti tamu kwamba Mwalimu bado anatafakari.

Nilijua kosa mara moja. Vibonye vilikuwa vinamsubiri mkalimani aliyebaki Temeke. Nikajaribu kumwelekeza kwa simu: bonyeza pale, ingia huku, shuka mistari minne. Akasema haoni. Nikamwambia azime awashe; kikawaka vilevile bubu, maana mimi mwenyewe ndiye niliyekifundisha kukumbuka. Nilikodi bodaboda kutoka Temeke mpaka Kinondoni nimefumba macho nusu ya njia. Nilipofika, mwali alikuwa ameshaingia na kuketi. Bi Mdogo alikuwa amemwingiza kwa sauti yake peke yake, na wanawake ukumbi mzima wakimpigia makofi badala ya ngoma. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya kinanda kilichonyamaza, mikono kifuani.

Nilibonyeza mara tano tu. Mama Mkwe akapiga yowe moja kubwa katikati ya ubeti, watu wakashtuka, kisha wakashangilia.

Kesho yake nilipokwenda kumwomba radhi nilimkuta Mwalimu uani, ile nailoni imechanwa, miwani puani, kitabu cha maelekezo kimefunguliwa ukurasa wa themanini. Alikuwa anakisahihisha.

“Uliisikia?” akaniuliza bila kuinua macho.

“Nini?”

“Jana. Alipoimba bila chombo.” Akafunga kitabu, kidole kimebaki ndani kushika ukurasa. “Miaka yote nimekuwa nampigia kwa juu. Sikuwahi kumsikia peke yake.” Akasimama. “Tunazo siku kumi na moja. Twende kazi.”

Tukakigeuza chumba chake cha kulala kuwa studio. Godoro tulilisimamisha dirishani, makanga tukayatundika ukutani, feni ikazimwa kwa sababu ilikuwa inasikika. Joto lilikuwa la kuokea mkate. Mtu mmoja wa studio Kinondoni, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alituazima kipaza sauti na kisanduku kidogo cha kupitishia sauti kwenda kwenye kompyuta. Mwalimu alivuka barabara hadi kwa kinyozi, ambaye naye aliwahi kumfundisha, akasimama mlangoni. Kinyozi akazima spika. Wateja wake walinyolewa kimya kwa siku tano.

Kwanza tulirekodi vyombo, kimoja kimoja: Mzee, ngoma, Matanga. Kisha akaja Bi Mdogo kutoka Buguruni, amevaa kama anakwenda harusini, na pete zake zote. Nikamvika hedfoni. Alipoimba neno la kwanza akazivua.

“Huyu nani ananiigiza nyuma?”

Sauti yake ilikuwa inachelewa kumrudia masikioni. Mwalimu akanitazama. “Anaimba Temeke, inasikika Kibaha,” akasema. “Rekebisha.” Nikapunguza akiba ile ambayo kompyuta inajiwekea kabla ya kutoa sauti, nikapunguza tena, mpaka kompyuta ikaanza kukwaruza, nikarudisha hatua moja. Bi Mdogo akavaa hedfoni, akasikiliza, akakubali kwa nyusi.

Lakini bado hakuimba vizuri. Alisimama mbele ya kile kipaza sauti kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

“Mie nimuimbie nani?” akasema. “Godoro?”

Mwalimu akavuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti yanakaribia kugusana. “Niimbie mie.”

“Wewe?”

“Si ndiye mie uliyenitungia?”

Basi wakaanza. Kwa siku tano, mchana, jasho linatutiririka, Bi Mdogo alimtukana Mwalimu usoni kwa nyimbo alizomtungia walipokuwa wakigombea mume mmoja. Alimwita kijiti. Alimwita chaki isiyoandika. Mwalimu alikaa wima, anahesabu mapigo kwa kidole juu ya goti, na kila kosa alisema neno moja: “Rudia.” Kulikuwa na ubeti tuliourudia mara kumi na saba. Bi Mdogo alivua kiatu akakirusha, na kishindo cha kiatu kile kiliingia kwenye rekodi. Mwalimu alisema kimepiga pale pale panapotakiwa, kibaki.

Wimbo wa kumi na moja ndio uliokuwa wa mwisho. Katikati yake sauti ilimkatika Bi Mdogo. Si uvimbe, alikuwa analia. Nilinyoosha mkono kusimamisha, Mwalimu akanishika kifundo cha mkono. Tukasubiri, vyombo vinaendelea kupita peke yao, kisha Bi Mdogo akauokota wimbo mbele kidogo akaumaliza. Nikamtazama Mwalimu nikisubiri lile neno lake. Hakulisema.

Aliniambia ninakili nyimbo zote kwenye flashi mbili azitunze yeye, na kwangu nizifute. “Sauti ya mtu haiachwi kwenye mashine ya kadi,” akasema. Nikafanya hivyo, nikarudisha waya kwenye printa yangu. Bi Mdogo akapasuliwa, akapona. Muda si mrefu mume wangu akapata kazi Wazo, pembezoni mwa jiji, tukahama na duka letu huko, na mimi na Mwalimu tukabaki watu wa salamu za sikukuu.

Mwezi uliopita nilipeleka kadi Temeke kwa wenye harusi, wakaning'ang'aniza nibaki. Ukumbini nikamkuta Mwalimu nyuma ya kinanda chake, na pembeni kompyuta yake mwenyewe, imewekewa kitambaa cha kufuma. Bi Mdogo alikuwa kitini, amepungua, mtandio umezungushwa shingoni. Nilipomwamkia akaitikia kwa sauti nisiyoijua: nzito, ya chini, ina mikwaruzo.

“Umemwona mwenzangu?” akaniambia, anamwonyesha kwa kidevu. “Kanipotezea sauti yangu. Nyimbo kumi na moja! Kabofya pasipobofywa, zote zikafutika. Na ualimu wake wote ule.”

Nikageuka. Mwalimu alikuwa ameinama, anapanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nilimfuata nyuma ya jukwaa. “Mwalimu, flashi zilikuwa mbili.”

“Punguza sauti.”

“Zimefutikaje zote?”

Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya baibui. “Hazijafutika. Zipo.” Akachungulia kama tunasikilizwa. “Alipotoka hospitali nilimleta kwangu, miezi minne hakufungua mdomo ila kwa kuomba maji. Kisha akanisumbua nimwekee zile nyimbo. Nikamwekea. Akasikiliza zote, akasema, ‘Yule ndiye mwimbaji. Mie basi.’ Akalala akatazama ukuta. Kesho yake nikamwambia nimezifuta kwa bahati mbaya.”

“Akafanyaje?”

“Alinitukana.” Hapo uso ukamfunguka. “Mwanangu, alinitukana asubuhi nzima! Mama yangu, bibi yangu, shule niliyosomea. Nikaisikia ile sauti mpya yote, juu na chini yake. Nikaenda kwenye kinanda, yeye anatukana, mie natafuta yuko noti gani. Ameshuka noti tano. Nikazishusha nyimbo zote kwa noti tano.”

“Na hutamwambia?”

“Siku akiipenda hii kuliko ile, nitampa flashi zote mbili.” Akavaa miwani. “Wewe hujasikia kitu.”

Wakaitwa. Bi Mdogo akainuka polepole, akashika kipaza sauti, akautangazia ukumbi kwamba huu ni wimbo mpya, ameutunga mwenyewe, na anayeimbiwa yupo. Mwalimu akaingiza ngoma, kisha Matanga kwa mbali, na ile sauti ya mchanga ikatoka:

Nakupa sauti yangu, uniwekee amana,
Waitia mashineni, na leo haipo tena;
Mwalimu wa watu wote, kuhifadhi hujasoma!

Wanawake walisimama. Sijawahi kumsikia Bi Mdogo akiimba vile, hata kwenye zile nyimbo kumi na moja. Alikwenda mpaka mbele ya kinanda, akamnyooshea Mwalimu kidole, akaurudia mstari wa mwisho, vigelegele vikapasuka, na Mwalimu akainamisha kichwa kama mkosaji mbele ya watu wote. Kisha mkono wake wa kushoto ukatoka kwenye vibonye, ukaenda pembeni kwenye kompyuta, akapunguza sauti ya kinanda kidogo, ili maneno yafike mpaka kwa waliosimama nje.